Ufundi wa Mshika Mamba

Jioni pale Haller Park, Bamburi, katika machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo Rene Haller alianza kuyaotesha miti mwaka wa 1971, watu hukusanyika kutazama mamba wakilishwa. Nyama huning'inizwa juu ya maji, mamba hujirusha kwa nguvu za mkia, taya hufumba kwa kishindo, watoto hupiga mayowe. Sawa, lakini hiyo ni kazi ya mamba. Ufundi wa mtunzaji uko katika zile dakika ambazo mamba hafanyi lolote.

Na mamba hupenda kutofanya lolote. Huota jua kutwa kinywa wazi, na anaweza kukaa miezi bila kula, hivyo hana sababu ya kumfurahisha mtu kwa kipande cha kuku. Mtunzaji hodari hamchokozi kwa fimbo. Huugeuza utulivu huo ukawa somo.

Itazame mikono yake anapomleta mamba mdogo. Mmoja umekamata shingo, nyuma tu ya taya. Wa pili uko kwenye shina la mkia, maana mkia nao hupiga. Mdomo umezungushiwa utepe, lakini matundu ya pua yameachwa wazi. Hapo huwauliza watoto: mbona utepe huu unatosha? Misuli ya kufumba taya huvunja mifupa. Ya kufumbua ni dhaifu, hata mkono wa mtu huishinda. Kisha huonyesha kope ya tatu, ile angavu, ikiteleza juu ya jicho. Akihisi mnyama anakaza mwili, hukatiza maneno na kumrudisha, hata kama foleni ya wanaotaka kugusa ni ndefu. Huko kukatiza ndiko ninakokusifu kuliko yote. (Wanaowapandisha watalii mgongoni mwa mamba wapigwe picha wana biashara, ufundi hawana.)

Huku kwetu Lorugum hatuna onyesho kama hilo. Mtoto wa Nairobi humwona mamba kwenye bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa. Wetu, ambao ziwa lao, Turkana, limejaa mamba na Kisiwa cha Kati ni mazalio yao, humjua kwa habari za msiba: mvuvi fulani, mchota maji fulani. Ziwa limepanda miaka hii, mamba wamesogea karibu na nyumba. Nani amewaambia watoto hao kwamba jike hulinda mayai karibu miezi mitatu, kwamba vifaranga humwita wakiwa bado ndani ya mayai, naye huwafukua na kuwabeba kinywani hadi majini? Anayelijua hilo hujua pia kwa nini kiota hakisogelewi.

Lodwar kuna tamasha la Tobong'u Lore: ngoma, mavazi, na hotuba, hotuba nyingi. Ningefuta moja tu, nusu saa hiyo apewe mtunzaji mwenye kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na mamba wake mdogo, na watoto wa Lorugum, Kakuma na Kalokol wakae mbele, kwenye viti vya waheshimiwa.