Baada ya Sange, neno "ajali" halitoshi tena



Kila moto ukiwaka kwetu, tunasikia maneno matatu kwa mpangilio uleule: pole, ajali, uchunguzi. Mkuu anafika na msafara, anatoa rambirambi, anaahidi uchunguzi, anarudi kwake. Leo nataka kukosoa hilo neno la katikati, "ajali", juu njo linamfungulia kiongozi mlango wa kutokea.

Tuchukue Sange. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka pale, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu. Mafuta yakamwagika, watu wakaja na bidoni na mabeseni kuchota. Wengine hawakuwa na habari na mafuta hayo hata kidogo: walikuwa wanaangalia Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, ulichukua wachotaji na watazamaji pamoja, na nyumba zilizokuwa karibu. Zaidi ya watu 200 walikufa. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Tangu ile siku kuna hadithi fupi inayozunguka: watu wa Sange waliuawa na tamaa ya mafuta ya bure. Inasemwa hata na watu wenye licence kama sisi. Hadithi hiyo inawasahau waliokuwa mbele ya televisheni, ambao hawakuchota hata kikombe. Na inafanya umaskini kuwa kosa, halafu haiulizi swali la maana: kati ya lori kupinduka na moto kuwaka, kulikuwa na muda wa watu kukusanyika na kuchota. Katika muda ule, nani alikuwa na kazi ya kuwarudisha nyuma?

Sheria zetu hazijanyamaza. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inasema mwanadamu ni mtakatifu na Serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Sheria ya 7 Oktoba 2008 kuhusu miji, komine, secteur na chefferie inawapa wakuu wa huko madaraka juu ya usalama na utulivu wa watu. Meya na bourgmestre ni OPJ, na wanaweza kuita polisi. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 52, inahesabu kuwa na hatia ya kuua bila kukusudia yule aliyesababisha kifo kwa kukosa kuona mbele au kukosa kuchukua tahadhari. Na kanuni ya raia, kifungu cha 258, inamlazimisha aliyeleta hasara kwa kosa lake kuilipa. Hakuna mahali pameandikwa "isipokuwa kama ni mkuu".

Kuona mbele: hapo njo kiini cha maneno yangu. Kabla ya Sange, kiongozi angeweza kusema hakujua. Baada ya Sange, kila msimamizi wa teritwari, kila meya, kila mkuu wa chefferie anajua kwamba lori la mafuta likianguka karibu na nyumba za watu maskini, watu watakuja na bidoni. Anajua pia kwamba cheche moja inatosha. Jambo linalojulikana hivyo, likitokea tena, bado tutaliita ajali? Miaka 8 baadaye, tarehe 6 Oktoba 2018, lori la mafuta liligongana na gari lingine kule Mbuba, Kongo Central, kwenye barabara ya Kinshasa kwenda Matadi. Watu karibu 50 walikufa. Tena barabara kuu, tena mafuta, tena nyumba zinazopakana na lami.

Lakini tusidanganyane, sheria yenyewe ina udhaifu. Inampa mkuu madaraka kwa maneno mapana: usalama, utulivu, amani. Maneno mapana hayana tarehe wala hesabu. Kumpeleka mtu mahakamani kwa kifungu cha 52, lazima uonyeshe jinsi kukaa kwake kimya kulivyosababisha kifo. Wakili wake atauliza: ni amri gani hasa aliivunja? Kama hakuna karatasi inayosema alipaswa kufanya nini, mwenye kufiwa ataenda kugonga mlango gani?

Wengine watajibu: "Serikali haina njia. Zimamoto yenyewe iko wapi?" Ni kweli, magari ya zimamoto ni machache, na katika miji mingi yanafika wakati mabati yameshaanguka. Lakini gari la zimamoto ni la kuzima. Kuzuia ni kazi nyingine, na bei yake ni ndogo: kamba ya kufunga barabara, polisi wanne, megafoni, amri ya kusogeza makadhafi mbali na soko la mbao, amri kwamba ukumbi wa video wenye mlango mmoja usifunguliwe. Haya yote bourgmestre anaweza kuyaanza kesho kwa kalamu yake.

Sisi wa agronomia tunalijua jambo hili shambani. Mkulima anayejua kazi hachomi kabla ya kufyeka ukanda wa kuzuia moto na kuangalia upepo. Akiruka hatua hiyo na mihogo ya jirani ikaungua, kijiji hakimuachii kwa kusema "ni upepo". Kinamuuliza: ukanda wako uko wapi? Mkulima asiye na diploma anaulizwa hivyo. Mkuu wa komine, mwenye muhuri na polisi, anapewa maikrofoni.

Basi swali la ukanda tuliulize kwa viongozi, na tuliulize kabla ya moto. Chama chetu kina wanasheria, kina watu wa mipango ya miji, kina sisi wa ardhi. Tuandike barua kwa kila komine tunamoishi na kuomba vitu vitatu: orodha ya mahali mafuta yanauzwa na kuwekwa, amri ya maandishi ya kufuata lori la mafuta likianguka, na jina la mtu anayebeba kazi hiyo. Tubakize nakala yenye muhuri wa mapokezi. Siku moto ukiwaka, hakuna atakayeweza kusema hakuambiwa.