Si Kila Mume ni Mkwaju

Kule Taveta tulikokulia, redio ya shangazi ilishika Tanzania vizuri kuliko Nairobi. Ndiyo maana Twende na Wakati, mchezo ambao Radio Tanzania ilianza kuurusha mwaka wa 1993 kuwafunza watu kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, tuliusikiliza kama wetu. Nusu saa ya jioni, mara mbili kwa wiki, na ole wako upige kelele.

Aliyetushika zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu: wanawake njiani, hamu ya watoto wa kiume, na mkewe Tunu nyumbani akihesabu shida. Mwishowe Tunu anamwacha na kuanza biashara yake. Mkwaju anakufa kwa UKIMWI. Watafiti walilinganisha maeneo yaliyousikia mchezo huo na Dodoma, ambako haukurushwa hadi 1995, wakapata kwamba wasikilizaji walizungumza zaidi na wenzi wao, na wengi zaidi wakaanza kupanga uzazi. Kwa hivyo siwezi kusema haukufanya kazi. Ulifanya.

Lakini nikiukumbuka leo naona kasoro moja, nayo si ndogo. Kizuizi cha Tunu kilitiwa chote ndani ya tabia ya mume mmoja. Mtu akiwa mbaya hivyo, jibu ni rahisi: mwache. Sasa yule ambaye mumewe si mbaya afanye nini?

Mume wa shangazi hakuwa Mkwaju hata kidogo. Alirudi mapema, alilipa karo, hakuinua mkono. Alisema tu, kwa upole, "Watoto ni baraka, tumwachie Mungu," na mazungumzo yakaishia hapo. Baada ya mtoto wa tano, shangazi akaanza kupigwa sindano ya miezi mitatu kwa siri. Kadi ya kliniki ilikaa kwa jirani. Nauli ilitoka kwa pesa za ndizi. Siku ya kwanza muuguzi alimuuliza, "Mzee amekubali?" Akadanganya kwamba ndiyo.

Aliyemfichua hakuwa mtu, ni mwili wake. Sindano ilimvuruga hedhi, damu ikawa haikauki, na mume anayelala nyumbani kila siku huona. Mkwaju, na safari zake, pengine hangejua kitu! Shangazi aliacha sindano, akazaa wa sita. Hakuna kipindi cha Twende na Wakati kilichomwambia angefanya nini, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkimbia.

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba Embu asilimia 75 ya wanawake walioolewa hutumia njia za kisasa, na Mandera ni asilimia 2. Nchi nzima, wanawake 14 kati ya kila 100 walioolewa wangependa kuchelewesha au kukomesha uzazi lakini hawatumii njia yoyote. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja afya ya uzazi kuwa haki. Sawa, lakini haki hiyo bado inaulizwa mlangoni kama mzee amekubali.

Kwangu, kilicho bora katika mchezo ule si kifo cha Mkwaju, ambacho wote tulikishangilia. Ni biashara ya Tunu. Pale waandishi waligusa ukweli: mwanamke mwenye senti zake ana nauli, na mwenye nauli anaweza kurudi kliniki kuuliza kama kuna njia nyingine.

Nangoja mchezo mwingine. Ndani yake mume ni mwema, anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, anawabeba watoto. Na mkewe bado anaficha kadi kwa jirani.