Hongereni, Akina Mama wa Ziwa

Lori la taka halifiki kila boma hapa Ziwa, Uasin Gishu. Hata hivyo, tazameni nyuma ya jikoni. Maganda ya viazi na mabua ya mahindi humwendea ng'ombe kwanza; masalio huozea shimoni pamoja na samadi, kisha hurudi shambani yakiwa mbolea nyeusi, laini mkononi. Magunzi huwasha moto. Vyuma vikuukuu humsubiri mnunuzi na mizani yake.

Akina mama mliyafanya haya kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Agosti 2017, na kabla sheria ya taka ya 2022 haijaagiza kutenganisha zinazooza na zisizooza. Hongereni sana! Ila betri na nepi, tafadhali, zisiingie kwenye shimo la mbolea.