Karatasi za Freddie

Karatasi zenyewe ni za shirika la ndege la British Midland Airways, ambalo siku hizi halipo tena. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliziandika kwa penseli, kwingine kwa wino wa bluu, kwingine mweusi. Kwenye ukurasa mmoja wimbo unaitwa "Mongolian Rhapsody". Neno la kwanza limekatwa, na juu yake pameandikwa "Bohemian". Niliganda hapo mpaka mlinzi akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Ilikuwa Agosti 2023, New Bond Street, London. Sotheby's walikuwa wameanika mali za Freddie, vitu zaidi ya 1,400, kabla ya kuzipiga mnada. Kiingilio bure, foleni ndefu, na wengi wakiingia tu walikuwa wakiulizia taji na joho alivyovaa jukwaani mwaka 1986. Siwalaumu, taji lenyewe lilikuwa linang'aa kwelikweli. Ila mimi nilitaka kuona kazi.

Kwetu Zanzibar Freddie ni nyumba ya Shangani ambayo watalii wanapigia picha mlangoni. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, baba yake akiwa mshika fedha mahakamani. Piano alijifunza akiwa shule ya bweni Panchgani, India. Tukimsifu, tunasifu sauti na kipaji, utadhani alishushiwa nyimbo zikiwa tayari. Karatasi zile zinakataa. Ni kurasa 15 kwa wimbo mmoja, na humo mna mistari iliyofutwa, iliyohamishwa, na mingine ambayo haikufika kwenye sahani ya santuri kabisa. Hata iliyoachwa ilikuwa mizuri. Kuacha kitu kibaya si kazi. Kazi ni kuacha kizuri kwa sababu hakikai pale.

Halafu kuna yale ambayo karatasi haiwezi kuonyesha. Mwaka 1975 Queen walianza kuurekodi wimbo huo katika studio ya Rockfield, Wales, na mtayarishaji Roy Thomas Baker. Ile sehemu ya katikati inayoigiza opera, ambayo wengi tunadhani ni kwaya nzima, ni watu watatu tu: Freddie, Brian May na Roger Taylor, huyu wa mwisho akipanda mpaka zile sauti za juu kabisa. Utepe ulikuwa na njia 24. Wakiimba njia zikajaa, Baker anazichanganya, anazihamishia kwenye njia chache, na zile zilizobaki wazi zinapokea sauti nyingine juu yake. Wanarudia tena. Hesabu inayotajwa ni tabaka 180 hivi, na kuimba huko kuliwachukua wiki kama tatu. Kila utepe ulipopita mashineni ulikwanguka kidogo unga unaobeba sauti, mwishowe ukawa kama kanga kuukuu: ukiuinua kwenye taa unaona mwanga upande wa pili. Wangechelewa kidogo, pengine kusingekuwa na kitu cha kusikiliza.

Jukwaani sehemu hiyo hawakuiimba. Walitoka, utepe ukapigwa, wakarudi kwa gitaa. Naiheshimu sana hatua hiyo: fundi anayejua kuwa kitu fulani alikijenga studio na hakijengeki mara mbili.

Chumba kingine kilikuwa na piano yake ya Yamaha, aliyoinunua mwaka huohuo wa 1975. Mary Austin, aliyeachiwa mali hizi, amesimulia kwamba Freddie hakuwahi kuvuta sigara akiwa kwenye piano hiyo wala kuweka glasi juu yake. Huyo ni Freddie wa karamu zilizosimuliwa dunia nzima, lakini chombo cha kazi hakichezewi.

Mnada ulipofanyika Septemba, taji na joho vilikwenda kwa pauni 635,000. Karatasi zilipita pauni milioni 1.3, na piano ikazipita zote kwa milioni 1.7. Si kawaida yangu kukubaliana na watu wenye pesa za namna hiyo, ila safari hii walipanga vizuri.