Utani Usio na Mtani

Safari hii, ndugu wasomaji, hatuhakiki kitabu wala diwani. Tunahakiki vichekesho na tetesi, maana navyo ni fasihi, tena fasihi inayopata wasikilizaji wengi kuliko riwaya zetu. Tumechagua mkasa mmoja tu, ule wa kudukuliwa kwa kampuni ya sinema ya Sony Pictures, Culver City, California, mwishoni mwa mwaka 2014. Siku zile watu walicheka dunia nzima. Hata sisi wa ughaibuni, penye arusi au penye kahawa, kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Miaka imepita, mengi yamejulikana, na maneno yale sasa yanapimika.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ajili ya vijana. Jumatatu tarehe 24 Novemba 2014 wafanyakazi wa kampuni hiyo walikuta kwenye kompyuta zao picha nyekundu ya mifupa ya mtu, pamoja na vitisho vya kundi lililojiita Walinzi wa Amani. Programu iliyokuwa imepenyezwa ilifuta diski zenyewe, kwa hiyo mashine nyingi zikawa mabati tu. Kampuni yenye mali isiyohesabika ikarudi kwenye kalamu na karatasi, hundi zikaandikwa kwa mkono, na simu kongwe za BlackBerry zikatolewa stoo. Kisha siri zikaanza kumwagwa: sinema ambazo hazijatoka, mishahara, barua pepe za wakubwa. Tarehe 16 Desemba wadukuzi wakatishia majumba ya sinema, wakikumbusha Septemba 11 ya mwaka 2001, iwapo ingeonyeshwa sinema ya The Interview inayosimulia njama ya kumuua Kim Jong-un. Kesho yake Sony wakaiahirisha. Tarehe 19 shirika la FBI likaitaja Korea Kaskazini kuwa ndiyo mhusika, na siku hiyohiyo Rais Obama akasema kampuni imekosea kuiondoa. Mwishowe ilitoka kwenye intaneti mkesha wa Krismasi, na sikukuu yenyewe katika majumba yapatayo 300.

Sasa tuje kwenye utani. Kwetu utani una kanuni zake. Mhehe na Mngoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni anaweza kuingia kwenye msiba wa Mhehe akamdhihaki hata marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini, ndiye anayepika, na siku ya pili anajua kwamba zamu yake ya kutaniwa inakuja. Dhihaka yake ameilipia kwa kazi. Kipimo hicho tunakiona kinafaa hata kwa vichekesho vya Hollywood, na tukikitumia tunaona kwamba mkasa wa Sony ulikuwa na matani mengi ila watani hawakuwepo.

Tuanze na sinema iliyodaiwa kuleta balaa yote. Mtangazaji mpumbavu (James Franco) na mtayarishaji wa kipindi chake (Seth Rogen) wanapata nafasi ya kumhoji Kim, na majasusi wa Marekani wanawaomba wamtilie sumu. Kwa maoni yetu sehemu kubwa ni mizaha ya chooni na ya lafudhi, na lafudhi ndicho kichekesho cha mvivu. Lakini ipo sehemu moja nzuri. Mtangazaji aliyevutiwa na duka lililojaa vyakula anarudi peke yake usiku na kugundua kwamba matunda yote ni ya bandia. Hapo kicheko kinakwama kooni, kwa sababu njaa ya Korea Kaskazini ya miaka ya 1990 iliua watu wengi mno, na kwa dakika moja ile sinema inawakumbuka. Laiti ingebaki hapo. Inaondoka mbio kwenda kwenye vifaru na milipuko.

Nje ya sinema utani ulishika njia moja: ufukara wa mshitakiwa. Intaneti ya Korea Kaskazini ilipozimika kwa saa kadhaa tarehe 22 na 23 Desemba, watu walitaniana kwamba labda kuna aliyejikwaa kwenye waya. Nchi nzima ilikuwa na anwani za intaneti 1,024 tu, na kweli namba hiyo inachekesha. Ikasambazwa tena ile picha ya setilaiti ya usiku, Korea Kusini inang'aa na jirani yake wa kaskazini ni giza tupu, na chini yake maneno: hawa ndio waliowaweza Sony?

Hapo ndipo tunapowasihi wasomaji watulie. Itazameni picha hiyohiyo upande wa kwetu, kutoka Kigoma mpaka Songea, kutoka Lodwar mpaka Marsabit. Nako ni giza. Anayesema kwamba penye giza hapawezi kutoka akili, anatusema na sisi, na wengi wetu tuliofika vyuo vya ng'ambo tukitokea kwenye vibatari tunaijua vizuri sauti hiyo. Tulishangaa kuwasikia baadhi ya ndugu zetu wakiirudia kwa furaha.

Utani huo ndio uliozaa tetesi. Wapo waliosema ni mbinu ya Sony kuitangaza sinema yao. Wengine, wakiwemo wataalamu wa kampuni za usalama wa kompyuta, walisema ni kazi ya mfanyakazi aliyefukuzwa. Tuwe waadilifu: shaka hiyo ya pili ilikuwa na msingi. Ujumbe wa kwanza, uliotumwa kwa wakubwa tarehe 21 Novemba, ulidai fedha na haukuitaja sinema yoyote. Mhandisi asiyeuliza swali hapo hafai kupewa bisibisi. Tatizo ni kwamba katika mabaraza mengi shaka haikutokana na ujumbe ule. Ilitokana na ile picha ya giza. Watu hawakuuliza kama programu iliyofuta diski inafanana na iliyovamia benki na vituo vya televisheni vya Korea Kusini Machi 2013, jambo ambalo FBI walilitaja. Walicheka, na kicheko kikachukua nafasi ya hesabu.

Kwa kazi ya namna hii hauhitaji umeme wa kuangaza mji. Wanatosha vijana wachache waliochaguliwa shuleni kwa hisabati, kompyuta, subira, na waya unaopitia nchi jirani. Septemba 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilimshitaki mwandaaji programu mmoja wa Korea Kaskazini, Park Jin Hyok, ambaye kwa mujibu wa mashitaka alikuwa akifanya kazi katika mji wa Dalian, China, chini ya kampuni ya kivuli. Korea Kaskazini ikajibu kwamba mtu huyo hayupo duniani. (Tukiri, hicho ni kichekesho kizuri kuliko vyote vilivyomo kwenye The Interview.)

Mashitaka hayo yanayaunganisha mambo mawili mengine na mkono uleule. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh wakiazimia kuhamisha karibu dola bilioni moja. Dola milioni 81 zilifika Manila na kupotelea kwenye nyumba za kamari. Dola milioni 20 zilizokuwa zikienda Sri Lanka zilinaswa kwa sababu neno moja la Kiingereza liliandikwa vibaya. Basi magazeti yalicheka nini? Tahajia. Mamilioni ya nchi maskini yanaondoka mchana kweupe, na habari kubwa ni mwizi asiyejua kuandika.

La pili linawahusu wasomaji wetu wa Uingereza moja kwa moja. Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali za umma, na wakaguzi wa serikali wakakadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa. Dada zetu na kaka zetu wanaofanya kazi wodini wanakumbuka wiki ile.

Turudi Culver City, kwa kuwa kuna utani mwingine uliotangulia yote. Katika barua pepe za Novemba 2013, mkuu wa studio, Amy Pascal, na mtayarishaji Scott Rudin walitaniana kuhusu sinema ambazo Rais Obama angezipenda, wakitaja zile zenye waigizaji weusi tu. Mojawapo ilikuwa 12 Years a Slave, ambayo Machi 2014 ilimpa Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, tuzo ya Oscar. Kwa hiyo kazi iliyotutoa machozi ilikuwa, chumba cha pili, mzaha wa asubuhi kabla ya kumchangia fedha mtoto wa Mkenya mwingine. Wote wawili waliomba radhi, na Februari 2015 ikatangazwa kwamba Pascal anaachia kiti. Lakini hata barua hizo tunazisoma kwa haya kidogo, maana ziliibwa, na aliyezisoma alipita juu ya mafaili mengine ili azifikie.

Mafaili hayo mengine ndiyo tunayotaka yakumbukwe. Namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao 47,000, wa sasa na wa zamani. Barua zilizoeleza matibabu ya mtoto wa mfanyakazi. Mishahara ya makarani. Januari 2015, kwenye sherehe ya Golden Globes, ukumbi ulicheka mzaha juu ya Korea Kaskazini, lakini fundi wa taa aliyekuwa akikesha kwenye simu na benki yake hakuwa na utani wake. Hakuwa maarufu vya kutosha. Mtani wa kweli angeanzia kwake, akamcheka kwa neno lake la siri lisilo siri, kisha akakaa naye foleni.

Wafanyakazi wa zamani waliishitaki kampuni, na mwaka 2015 ilikubali kulipa hadi dola milioni 8, ada za mawakili zikiwa humohumo. Tumetafuta kichekesho juu ya mapatano hayo, hatujakipata.