Beringi si Gololi: Istilahi za Gurudumu katika Miongozo Iliyofasiriwa

Istilahi ya ufundi haithibitiki mezani kwa mfasiri. Huthibitika mikononi mwa mtu anayeitumia. Hivi karibuni tulisoma mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili, unaoeleza namna ya kubadilisha beringi ya gurudumu la gari nyumbani. Lugha yake ni fasaha na sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo, mtu atakayeufuata neno kwa neno aweza kuiharibu beringi mpya siku ile ile aliyoinunua, au kuingia barabarani na gurudumu lisilo salama. Naye yu peke yake uani kwake, hana fundi wa kumwuliza.

Kosa la kwanza ni kukiita kifaa kizima gololi. Gololi ni neno la siku nyingi, wanalolijua watoto wachezao na mafundi wa baiskeli, na maana yake ni tufe dogo. Beringi ni kifaa chenye sehemu kadhaa: pete ya nje, pete ya ndani, na katikati yake gololi au rola zinazopunguza msuguano. Tena ziko beringi zisizo na gololi hata moja. Malori na magari mengi ya zamani hutumia beringi za rola zilizo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, za aina ambayo Henry Timken na mwenzake waliipatia hataza huko Marekani mwaka 1898. Mwenye gari la namna hiyo akiambiwa atoe gololi, atatafuta kitu kisichokuwapo.

Madhara hayaishii hapo. Beringi inayobana ndani ya kitovu hapana budi isukumwe kwa pete ya nje. Inayobana juu ya mhimili isukumwe kwa pete ya ndani. Nguvu ikipitia kwenye gololi au rola zenyewe, huacha vishimo vidogo katika njia zake, na baada ya muda mfupi gurudumu huanza kuvuma. Mwongozo huu waagiza tu kwamba gololi zigongwe mpaka ziingie. Mfasiri asiye na jina la pete hakuweza kusema ni pete ipi igongwe.

Kosa la pili limo katika kitenzi kukaza. Katika beringi za rola zenye kurekebishwa, nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili beringi ikae vizuri, kisha hulegezwa kidogo na kufungiwa kwa pini. Ikiachwa imebana mno, beringi hupata moto na kuungua. Katika magari mengi ya siku hizi, beringi na kitovu huja vikiwa kifaa kimoja kilichofungwa kiwandani. Hapo nati hukazwa kwa kipimo alichoagiza mtengenezaji, wala hailegezwi. Mwongozo watumia “kukaza barabara” kwa hali zote mbili. Twapendekeza kurekebisha nati kwa hali ya kwanza, na kukaza kwa kipimo kwa hali ya pili.

Haki yatutaka tusifu palipostahili sifa. Mfasiri amechagua kitovu kwa ile sehemu ya katikati inayobeba gurudumu. Neno hilo limetoka mwilini mwa binadamu, nalo humwonyesha msomaji mahali penyewe bila maelezo. Hapa Kiswahili kimejitosheleza.

Pengine atatokea wa kusema kwamba beringi ni neno la kigeni, na kwamba gololi ni bora kwa kuwa limezoeleka zaidi. Hoja hiyo haina nguvu. Nati, pini, breki na jeki nayo yaliingia kwa mlango huo huo, na leo hakuna gereji isiyoyatumia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukilipokea neno beringi, gololi nalo hubaki na maana yake halisi, nasi tunapata maneno mawili kwa vitu viwili.

Basi mfasiri wa miongozo ya ufundi, kabla ya kuipeleka kazi yake mtamboni, na aende gereji aombe kifaa kilichokwisha kufa, akitenganishe, na aipe kila sehemu jina lake. Atakapokosa jina, ndipo atakapojua mahali ambapo msomaji wake angekosea.