Rangi ya Fleki Ikaguliwe Kabla Haijang'aa

Wenye magari katika njia ya Eldoret kwenda Kitale, Soy ikiwa katikati, huipokea kazi ya rangi siku inapong'aa kuliko siku zote. Gari limepigwa polishi, limeoshwa, limeegeshwa juani, na mwenyewe anatoa pesa. Kwa rangi ya kawaida desturi hiyo haina hasara kubwa. Kwa rangi ya fleki, yaani ile yenye chembe za plastiki zilizopakwa alumini na kutiwa rangi, ni kuhukumu kazi kwa sifa ambayo hata kazi mbovu inayo, kwani alumini humeta hata ikipulizwa ovyo. Ubora wa rangi hii hujidhihirisha siku isipong'aa kabisa: kliya, yaani rangi angavu ya kufunika, ya awamu ya kwanza imekauka, imepigwa msasa ikafifia, na ya awamu ya pili bado haijapulizwa. Hapo ndipo mwenye gari anapopaswa kufika gereji.

Sababu iko kwenye vipimo. Fleki ya ukubwa wa kati ina upana wa karibu milimita 0.2, sawa na maikroni 200. Ikipulizwa, nyingi hulala, lakini baadhi huegemea nyenzake au husimama kwa ukingo, na bodi hukwaruza kiganja. Mkono mmoja (tabaka moja) wa kliya yenye hadna, yaani kigumishi, huacha takriban maikroni 25 hadi 30 ukishakauka. Mikono mitatu haifikishi maikroni 100. Kliya hiyo hufuata miinuko na mabonde yaliyoko chini yake badala ya kuyafunika. Fundi hodari hujaza mikono kadhaa, huiacha ikauke vizuri, hupiga msasa wa maji namba 400 au 600 akitumia kibao ili vidole visizame mabondeni, kisha hupuliza tena mikono miwili au mitatu. Michirizi ya msasa ndiyo inayoishika kliya mpya, kwa maana kliya ya hadna ikishakomaa haiyeyuki ikaungana na inayofuata. Matokeo yake ni kina: chembe huonekana kama kokoto chini ya maji maangavu, na juu yake pamenyooka.

Bodi iliyopigwa msasa barabara huwa na ukungu ulio sawa kote. Kidoa kinachong'aa katikati ya ukungu ni bonde ambalo msasa haukulifikia. Pale panahitaji kliya zaidi. Kidoa cha rangi ya fedha kwenye fleki nyekundu au ya dhahabu ni jambo zito zaidi. Msasa umevuka kliya, umekwangua rangi ya chembe na kuacha alumini tupu, na hakuna kliya itakayoirudisha. Lazima fleki ipulizwe upya. Maji ya msasa nayo hutoa ushahidi: meupe kama maziwa ni ya kliya peke yake, yenye vimeto ni dalili kwamba fleki inakatwa. Kingo za milango na pembe za boneti zitazamwe kwanza, maana kliya hukaa nyembamba pale na msasa huzikata mapema. Matatu ina kipimo cha ziada, ule mstari wa njano ulioletwa na kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Kazi ikishakamilika, pitisha ukucha ukingoni mwa mstari. Ukikwama, mstari haukuzikwa vya kutosha chini ya kliya.

Wapo watakaosema kwamba gari likilala gereji haliingizi kitu, na mkopo hausubiri. Ni kweli, lakini hali ya hewa ya nyanda za Uasin Gishu haikubali haraka hiyo. Huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, usiku ni wa baridi na hadna hufanya kazi polepole; mchana wa jua na upepo, thina ya juu hukimbia kabla ya ile ya chini, kliya ikafunga ngozi juu ya unyevu. Thina iliyonaswa hutoka taratibu baadaye, kliya ikanywea, na chembe zilizoonekana zimezama zikachomoza. Basi siku zilizookolewa hulipwa gari linaporudi gereji. Wengine hushauri kumwaga mikono minene mfululizo ili msasa wa katikati uepukwe. Unene si unyoofu: kliya nene iliyoharakishwa hunasa thina nyingi zaidi, hutoa vipovu, na baadaye hupasuka.

Pingamizi lenye uzito ni la mwenye matatu anayebadilisha michoro kila mara, hasa tangu mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu tena sanaa hiyo kwenye matatu. Kwa nini alipie kina cha miaka ikiwa mchoro ni wa miezi? Anayejua hivyo tangu mwanzo achague fleki ndogo, ya karibu milimita 0.1, inayofunikwa kwa kliya kidogo zaidi. Lakini asiruke hatua. Mionzi ya jua ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 tunazopanda, na msasa wa mwisho na polishi hula sehemu ya kliya inayoikinga rangi. Pasipo akiba ya unene, hata miezi hiyo itakuwa na dosari.

Kwa hiyo malipo yagawanywe: sehemu ya vifaa mwanzoni, sehemu baada ya ukaguzi wa bodi iliyofifia, na salio polishi ikikamilika. Bei iwe pia na nafasi ya barakoa inayoleta hewa safi, kwa kuwa mvuke wa hadna huweza kumtia fundi pumu ya kudumu. Fundi anayeiamini kazi yake atakuonyesha gari likiwa bila mng'ao. Anayekataa, mtafutie mbadala kabla hujalipa awamu ya pili.